Kuku wa Magamba ya Mgomba

Mgomba huzaa mara moja tu. Mkungu ukishakatwa, shina lililoubeba limemaliza kazi. Mwenye shamba hulilaza chini, hulikatakata na kuliacha lioze liwe mbolea ya machipukizi yanayofuata. Lakini hata kabla ya siku hiyo, likiwa bado limesimama, huwa limeshavaa magamba makavu yanayoning'inia ubavuni: ya kahawia, ya manjano yaliyopauka, ya kijivu, mengine yameiva hadi weusi. Hayo ndiyo malighafi yetu. Kwa magamba hayo, njiti mbili za ufagio na punje moja ya ulezi, utatengeneza picha ya kuku mtetea yenye ukubwa wa daftari la shule, bila rangi ya dukani hata tone.

Sanaa hii si ngeni kwetu. Kadi na picha za magamba zinauzwa Soko la Wamasai jijini Nairobi na kwenye maduka ya zawadi Kampala, Kigali, Bujumbura na Arusha. Nyingi zinafanana: twiga na machweo, mbuyu, mama mwenye mtungi kichwani. Sizidharau, kwa kuwa zimelisha watu. Ila anayeanza akianza na twiga ataishia kunakili picha ya mwenzake badala ya kulitazama gamba aliloshika. Kuku yupo uani, anatazamika bure, na mwili wake wote ni vipande vilivyopandana, kazi ambayo gamba linaiweza kuliko nyingine yoyote. Kipande kikikatika vibaya, basi ni unyoya mwingine.

Kuokota

Nenda shambani wakati wa kiangazi, saa nne au saa tano asubuhi, umande ukiwa umekauka. Gamba lililookotwa baada ya mvua ni zito na linateleza, na ukilifunga kwenye mfuko huota kuvu upesi. Usijisumbue na shina bichi. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za shina la mgomba ni maji, kwa hiyo gamba bichi likikaukia mezani kwako linasinyaa na kujikunja, na kipimo ulichokata leo kesho hakipo. Tafuta lililokaukia mgombani lenyewe.

Omba ruhusa kwanza, hata kama shamba ni la jirani mliyezoeana. Kwenye vibanja vya Kagera, kama ilivyo kwingi kwenye migomba, magamba makavu si takataka. Yanatandazwa chini kuzuia magugu na kutunza unyevu, na yanachanwa kuwa kamba za kufungia mizigo. Hata hivyo mkulima hatakukatalia kumbatio moja, na kumbatio moja linatosha picha nyingi. Pengine atakushukuru, kwa sababu fukusi wa migomba hupenda kujificha nyuma ya magamba makuukuu.

Bandua kwa mkono, si kwa panga. Mnyauko wa bakteria, ugonjwa ulioonekana Uganda mwaka 2001 na baada ya miaka michache ukawa umefika Kagera, husafiri kwa vifaa vya kukatia: kisu kilichogusa mgomba mgonjwa kikikata mzima, kimeshauambukiza. Ukilazimika kukata, pitisha kisu kwenye moto au kioshe kwa jiki kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Ukiona majani yamegeuka manjano na kunyauka, au ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, ondoka shamba hilo mikono mitupu na umwambie mwenyewe ulichokiona.

Kabla hujatia mkono, gonga shina kwa kijiti mara chache na usubiri kidogo. Nyuma ya gamba kavu hulala nge, buibui na mijusi. Na vaa nguo chakavu. Utomvu wa mgomba ukiingia kwenye shati huacha doa la kahawia ambalo utazikwa nalo.

Sasa chagua. Kishawishi ni kuchukua yaliyonyooka na kung'aa na kuyaacha mengine, halafu ukifika mezani unakuta una rangi moja tu. Magamba yaliyokauka haraka juani yana manjano ya dhahabu iliyopauka. Yaliyokaa kivulini na kunyeshewa yana kahawia nzito, na baadhi yana madoadoa meusi ya kuvu. Hayo ya madoadoa yachukue kwa wingi. Kuku wa kienyeji hana rangi moja.

Kulijua gamba

Shika gamba moja dirishani, penye mwanga. Upande wa nje una mistari inayokwenda urefu wote na haung'ai. Upande wa ndani ni laini, una rangi ya malai na mng'ao kidogo. Ukingo wake ni mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga.

Ingiza ncha ya wembe chini ya ngozi ya ndani, iinue, uivute taratibu. Utaona kitu ambacho wengi waliokulia migombani hawajawahi kukitazama: safu kwa safu za vyumba vidogo vya hewa, vimetengwa na kuta nyembamba zinazokatiza kutoka mstari hadi mstari. Mgomba hauna mbao. Shina lake ni vikonyo vya majani vilivyokumbatiana, na ujenzi huu wa vyumba ndio unaosaidia shina jepesi namna hiyo kusimama na mkungu wa kilo 30 kichwani. Kwako wewe, tabaka hilo ni wavu tayari. Litakuwa ukuta wa matete, wavu wa dirisha, tenga, au ardhi iliyochimbuliwa na makucha. Kwa hiyo gamba moja linakupa malighafi nne tofauti: ngozi ya nje, ngozi ya ndani, wavu, na nyuzi ndefu za ukingoni.

Jambo kubwa zaidi ni mwelekeo wa nyuzi. Gamba linachanika kirahisi kwa urefu na linagoma kwa upana. Ukitaka mstari mrefu ulionyooka, chana kwa vidole, mkasi hauhitajiki. Ukitaka kukatiza, tumia wembe mpya, na ukate mara moja bila kurudia. Halafu kumbuka kwamba nyuzi hizo zitaonekana kwenye picha, na jicho litazifuata. Kwenye ardhi zilaze, kwenye ukuta zisimamishe, kwenye bawa zifuate manyoya yanakoelekea. Rangi ikikosewa picha bado husimama. Nyuzi zikikosewa, bawa zuri linageuka kipande cha gamba kilichobandikwa.

Kusafisha na kunyoosha

Pangusa vumbi kwa brashi laini, kisha kwa kitambaa chenye unyevu. Yenye kuvu yapangusie nje, pua ikiwa imefunikwa. Yaanike juani siku nzima huku ukiyageuza, wadudu wahame.

Usijaribu kunyoosha gamba likiwa kavu kabisa, litapasuka. Linyunyizie maji, lifunge kwenye kitambaa chenye unyevu kwa nusu saa, nalo litakubali kukunjuliwa. Ligeuze, kwangua upande wa ndani kwa ukingo wa kijiko ili kupunguza unene, kisha lipige pasi ya joto la kati likiwa katikati ya karatasi mbili nyeupe. Gazeti lisitumike, wino wake unahamia. Kandamiza, usiburute. Pasi ya mkaa inafaa sawa na ya umeme, mradi umefuta majivu. Baada ya hapo magamba yalale usiku kucha chini ya vitabu vizito.

Pasi hiyo hiyo ndiyo sanduku lako la rangi. Chukua vipande vitano kutoka gamba moja jeupe. Cha kwanza kiguse kwa pasi kidogo tu, cha pili kikalie zaidi, hivyo hivyo hadi cha tano kikaribie kuungua. Utapata ngazi ya rangi kutoka malai hadi kahawia ya kuiva. Gundisha vipande hivyo kwa mpangilio kwenye kadi na uiweke mbele yako kila unapofanya kazi. Wapo wanaochovya magamba kwenye rangi za kutilia vitambaa ili wapate kijani na nyekundu kali. Mimi sishauri. Jicho la mtazamaji hukimbilia hapo penye wekundu na kusahau vingine vyote, na baada ya muda rangi hiyo hupauka wakati gamba lenyewe bado zima.

Ubao na gundi

Tafuta kipande cha hadibodi cha sentimita 15 kwa 20. Seremala yeyote ana mabaki. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia ubao wa aina hiyo hiyo wa kujengea, pamoja na rangi za mafuta za madukani, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana. Mtindo wake unabeba jina lake mpaka leo. Boksi liache, linajikunja likinywa gundi. Kwa kadi ya kupeana, karatasi nzito ya manila inatosha, na inastahili heshima yake: zamani karatasi hiyo ilitengenezwa kwa nyuzi za abaka, mmea wa Ufilipino ulio wa jamii moja na mgomba. Aliye Uganda anaweza kuvisha ubao wake lubugo, kitambaa cha gome la mutuba ambacho ufundi wa kukitengeneza ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa turathi ya binadamu. Wekundu wake wa udongo humpokea vizuri kuku mweupe.

Gundi iwe ile nyeupe ya mbao, sehemu tatu kwa sehemu moja ya maji. Uji wa wanga wa muhogo nao unashika, na wengi wetu tuliutumia shuleni, ila mende wanaupenda kuliko unavyoipenda wewe picha yako. Gundi za kushika papo hapo ziache kwa viatu. Zinaacha utando mweupe usiofutika.

Kumtengeneza kuku

Mtazame kwanza. Kaa uani anapochakura, bila simu. Angalia mgongo wake: haukunyooka, unashuka kutoka shingoni na kupanda tena kwenye mkia. Angalia kichwa kilivyo kidogo ukikilinganisha na mwili. Karibu kila anayeanza hukifanya kikubwa mno, na kuku akawa kifaranga. Angalia miguu inapotokea, chini ya katikati ya mwili. Ukiisogeza nyuma sana, kuku ataonekana anaanguka kwa mdomo.

Chora kwa penseli mistari michache tu juu ya ubao: wa mgongo, wa tumbo, na alama ya miguu. Mwili uchukue kama nusu ya ubao, usikae katikati kabisa. Kama kuku anatazama kushoto, mwachie nafasi zaidi kushoto, apate pa kwenda.

Anza na usuli. Gundisha magamba yaliyopauka, nyuzi zikiwa zimelala, kutoka juu mpaka theluthi mbili za ubao. Theluthi ya chini ni ardhi, kahawia nzito kidogo. Juu yake weka vipande vichache vya ule wavu, si kila mahali, pale tu ambapo makucha yamechimbua. Kandamiza kwa kitabu saa moja kabla ya kuendelea.

Kisha mkia. Manyoya ya kuku yanaelekea nyuma, la mbele likilalia shina la lililo nyuma yake, kwa hiyo kazi inaanzia mkiani na kuja mbele, kama fundi anayeezeka makuti kuanzia kwenye upenu kwenda juu. Ukianzia kichwani utajikuta unachomeka vipande chini ya vingine kwa ncha ya wembe na kulaani siku.

Manyoya ya mkia yawe na urefu wa sentimita 3 hadi 4, ya rangi nzito kuliko zote, yamechanwa kwa mkono ili ncha zisilingane. Ya mwilini yawe kama sentimita 1, umbo la kucha, yamekatwa kwa mkasi mdogo. Kata mengi kabla hujaanza kugundisha na uyapange kwenye visahani kulingana na rangi, maana ukishashika gundi hutataka kusimama. Tumia yale ya madoadoa hapa, ukiyachanganya na yaliyo safi bila utaratibu.

Sasa siri inayotofautisha picha hai na picha bapa: paka gundi kwenye shina la unyoya tu, theluthi moja ya urefu, na uiache ncha huru. Ikikauka, ncha itainuka kidogo na kutupa kivuli chake halisi. Kwa kivuli hicho huhitaji kuchora chochote. Jioni, taa ikiwaka upande mmoja, kuku anaonekana ana unene.

Ukifika tumboni badilisha rangi. Mwanga unatoka juu, kwa hiyo kifua na mgongo vichukue ngozi ya ndani yenye mng'ao, na chini ya tumbo paingie kahawia ya ngazi ya nne au ya tano. Kupitisha rangi nzito chini ya tumbo kunamkalisha kuku ardhini. Bila hiyo ataelea.

Bawa ni kazi ya peke yake. Kata kwanza kipande kimoja cha umbo la bawa kutoka ngozi ya nje, nyuzi zikielekea mkiani, ukigundishe chote. Juu yake weka vijiti vitano au sita vilivyochanwa, vya rangi nzito, vikianzia kwenye ncha ya bawa. Karibu na bega malizia kwa manyoya madogo mepesi. Hapo acha. Bawa likijazwa sana hugeuka fagio.

Shingoni tumia vijisehemu vyembamba vya milimita 2 au 3, vimelala kwa karibu, ncha zikishukia mabegani. Ukitaka kishingo, kuku wa shingo tupu, kazi inakuwa rahisi na picha inakuwa na ucheshi: kunja kidogo kipande cha ngozi ya ndani kikiwa na unyevu, kikauke na makunyanzi yake, kisha kivike ganda jembamba sana la kitunguu chekundu.

Kitunguu hicho hicho ndicho upanga wa kichwani. Bandika maganda mawili moja juu ya lingine, yakauke chini ya kitabu, kisha kata meno matatu au manne mafupi. Mtetea upanga wake ni mdogo. Ukiukuza umepata jogoo. Mdomo ni ncha ya mwiba, au pembetatu ya gamba nene. Miguu ni njiti mbili za ufagio wa chelewa, zimevunjwa kidogo kwenye goti bila kukatwa kabisa, na vidole vitatu mbele, kimoja nyuma. Kama huna chelewa, bua la nyasi kavu linatosha. Mguu mmoja ukiuinua kidogo, kuku anatembea.

Jicho liwe la mwisho, na uliweke siku nyingine ukiwa umepumzika. Punje moja ya ulezi, nyekundu-kahawia, mviringo, inakaa kama vile ilikusudiwa. Chovya ncha ya sindano kwenye gundi, igusishe mahali pa jicho, kisha shusha punje kwa kibanio. Iwe juu kidogo ya mstari wa mdomo na mbele kidogo ya katikati ya kichwa. Isogeze milimita moja juu na kuku anashangaa, ishushe, amesinzia. Jaribu kabla gundi haijashika.

Utatamani kuongeza jua pale juu, kibanda nyuma, labda na mgomba wenyewe. Usiongeze. Kama ardhi inaonekana tupu mno, paka gundi nyembamba mahali pamoja na unyunyizie udongo mwekundu uliochekechwa, halafu upulize usioshika.

Kuitunza

Iache ikauke saa 24 ikiwa imelala, bila kitabu juu yake sasa, maana kitabu kitayalaza manyoya uliyoyaacha huru. Vanishi ya kung'aa haifai. Inalifanya gamba lifanane na plastiki. Kama lazima, iwe isiyong'aa, mara moja, kwa kupuliza kutoka mbali.

Ukiipeleka kwa fundi wa fremu, mwambie kioo kisiguse picha. Vipande vyembamba vya mbao vya milimita 5 pembeni, chini ya kioo, vinatosha kutoa nafasi kwa manyoya na kwa hewa. Kwa walio Tanga, Mombasa au Unguja hili si la hiari, kwa sababu unyevu wa pwani ukinaswa kati ya kioo na gamba huleta kuvu. Bandika pia vipande viwili vya ndala kuukuu nyuma ya fremu, chini, ili isishikane na ukuta. Itundike mbali na jua la dirishani, la sivyo ile ngazi ya rangi uliyoisumbukia pasi itapauka.

Nyuma andika kwa penseli jina lako, mwezi na mwaka, na kijiji magamba yalikotoka. Mnunuzi makini atauliza. Na kama picha inavuka mpaka kwenda kwa ndugu ughaibuni, eleza kwenye fomu ya posta kwamba imetengenezwa kwa mimea mikavu na uulize masharti ya nchi inakokwenda kabla ya kulipia. Australia na New Zealand hukagua vitu vya mimea kwa ukali na zinaweza kuvizuia. Kwa safari ndefu kadi ya manila yenye kuku mdogo ni salama kuliko fremu, na ndani ya bahasha mtilie kipande cha boksi kila upande asikunjwe.